Land Rover ya Zamani, Injini Mpya: Uchague Breki Zipi?

Anayefufua Land Rover ya Series kwa kawaida huanza na injini. Injini ikishanguruma, hufuata bodi, rangi, viti na taa. Breki hukumbukwa mwisho, wakati mfuko umekauka na hamu ya kuliona gari barabarani imeshamzidi mwenyewe. Hapo ndipo fundi anapoambiwa atafute chochote kitakachoshika. Wewe unayepanga kujenga gari la namna hiyo, nakuomba uchague breki kabla hujanunua injini, maana breki ndizo zitakazoamua gari lako libebe uzito gani na liende kasi gani.

Nimechukua mfano wa Land Rover kwa sababu bado zipo tele kwetu, mashambani, misheni na nyuma ya gereji, na kwa sababu ndizo zinazofungwa injini ngeni kuliko gari lingine lolote la zamani. Mwenye Peugeot 404 au Datsun atakuta vipimo vinabadilika, lakini namna ya kupanga kazi ni ileile.

Anza kwa kujua kiwanda kilikuachia nini. Land Rover fupi, ile ya inchi 88, ilitoka na dramu za inchi 10 kwenye magurudumu yote manne, na mbele kila gurudumu lilikuwa na silinda moja inayosukuma viatu viwili. Ile ndefu ya inchi 109 ilipewa dramu za inchi 11, na mbele silinda mbili kwa kila gurudumu, ili viatu vyote viwili vivutwe na mzunguko wa dramu vikiwa vinasukumwa. Kiatu kinachovutwa hivyo hujikaza chenyewe, na ndiyo maana dramu zinaweza kusimamisha gari zito bila msaada wowote zaidi ya mguu wa dereva. Zilizotengenezwa miaka ya mwanzo zilikuwa na njia moja tu ya fluidi kutoka kwenye masta silinda hadi kwenye magurudumu yote. Breki ya mkono ni kitu cha peke yake kabisa, nami nitairudia.

Breki hizo ziliundwa kwa ajili ya injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 na gari ambalo likijitahidi sana lilifika kilomita 100 kwa saa au kupita hapo kidogo. Kwa kazi hiyo zilitosha. Sasa wewe unataka kufunga dizeli ya lita 4.2 kutoka kwenye Land Cruiser, na safari ya kilomita 110 kwa saa imekuwa jambo la kawaida. Nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza kuwa joto haipandi sambamba na kasi. Kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Gari la tani 2 linalosimama kutoka kilomita 50 kwa saa huzipa breki takriban kilojuli 190. Likisimama kutoka kilomita 100, ni kilojuli 770. Dramu ni zilezile, viatu ni vilevile, joto ni mara nne.

Mteremko ni hatari kuliko kasi, na huku kwetu miteremko haikosekani. Ukitoka Lushoto kushuka Mombo unateremka karibu mita 1,000. Gari la tani 2 likishuka kimo hicho huachia megajuli 20 hivi, sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara 40 mfululizo. Injini ikiwa kwenye gia nzito itameza sehemu kubwa ya mzigo huo, na ndiyo sababu kushuka na nyutro ili kuokoa mafuta ni kujitakia mauti. Kinachobaki hugeuka joto ndani ya dramu. Dramu ikipata moto hutanuka, na ikitanuka hukimbia viatu, hivyo pedali inazidi kuzama kila unapokanyaga. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa kuliko sifa zote nyingine za diski unazozisikia gereji.

Hata hivyo, diski si jambo la kwanza. Kama una pesa za badiliko moja tu, zitumie kupata njia mbili za fluidi. Kwenye mfumo wa njia moja, hozi moja ikipasuka, au silinda moja ya nyuma ikivuja, au paipu moja iliyoliwa na kutu ikitoboka, umepoteza breki zote za mguu kwa mara moja. Zile habari za gari kufeli breki kwenye mteremko, kwa gari dogo la zamani, mara nyingi huanzia hapo. Masta silinda ya njia mbili ina pistoni mbili zilizofuatana, moja ikihudumia mbele na nyingine nyuma. Upande mmoja ukivuja, pedali itazama zaidi na gari litachelewa kusimama, lakini litasimama. Marekani ililazimisha magari madogo yote mapya kuwa na mfumo huo tangu mwanzo wa 1968, na Series III za mwisho zilitoka nao kiwandani. Kwa hiyo ukiipata moja ya hizo za mwisho iliyokufa, chukua sanduku la pedali, busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) na masta silinda yake kama kifurushi kimoja. Mwenye gari linalosimama vizuri kwa dramu za kiwandani lakini lina njia moja, mimi ningemwambia asiguse magurudumu kwanza.

Masta silinda yenyewe ndiyo inayochaguliwa vibaya kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu imani iliyoenea gereji ni kwamba masta kubwa inaleta breki kali. Ukweli ni kinyume chake. Chukua bomba la sindano jembamba na lingine nene, uyajaze maji, usukume kwa kidole kilekile: jembamba hutoa maji kidogo kwa nguvu, nene hutoa mengi kwa ulegevu. Sasa tuweke hesabu. Mguu ukikandamiza kwa kilo 30, na pedali ikizidisha mara 6, masta silinda inasukumwa kwa kilo 180. Ikiwa kipenyo chake ni inchi 3/4, yaani milimita 19, presha itafika karibu kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba. Kipenyo kikiwa inchi 1, mguu uleule utatoa karibu kilo 35 na nusu. Umenunua masta kubwa na umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya presha. Ulichopata ni pedali fupi na ngumu, ambayo mguuni inadanganya kwamba breki ni nzuri.

Lakini huwezi kukimbilia masta nyembamba tu, maana lazima iweze kusogeza fluidi ya kutosha silinda zote. Dramu za mbele za 109 zina silinda mbili kila upande, hivyo gari hilo lilipewa masta inayosukuma fluidi nyingi zaidi. Ukifunga silinda nyingi kwenye masta ndogo, pedali itafika sakafuni kabla viatu havijagusa. Ukifunga masta kubwa bila busta, utakanyaga kwa miguu miwili. Namna salama ni kuchukua masta iliyoundwa kwa ajili ya silinda au kalipa zilezile unazofunga, kutoka gari lilelile. Kama hilo haliwezekani, pima vipenyo vyote kwa kalipa ya kupimia, viandike, ufanye hesabu kabla ya kununua. Fundi asiyetaka kufanya hesabu hiyo asikufungie breki.

Kuna jambo jingine dogo ndani ya masta. Nyingi zilizoundwa kwa ajili ya dramu zina vali inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ukiachia pedali, ili mipira ya silinda isinyonye hewa. Ukiunganisha masta kama hiyo na diski, pedi hazitaachia kabisa. Zitakuwa zikisugua safari nzima, diski itawaka, na fundi atabadilisha kalipa mara mbili akitafuta ugonjwa ambao uko kwingine.

Sasa tuje kwenye dramu na diski. Kama injini yako ni ya asili, au ni nyingine yenye nguvu inayokaribiana nayo, na gari ni fupi, usiende kwenye diski. Tafuta vifaa vya mbele vya 109: sahani zinazobeba viatu, viatu vyenyewe na dramu za inchi 11. Vinafungika kwenye ekseli ya 88, havihitaji kukata wala kuchomelea, na tofauti utaihisi siku ya kwanza. Zingatia upande. Sahani ya kushoto na ya kulia hazifanani kikazi; zikibadilishwa pande, viatu vyote viwili vitasukumwa kinyume cha mzunguko na breki zitakuwa dhaifu kuliko zile za inchi 10 ulizotoa. Ujue pia kwamba mpangilio huo wa viatu hupungua nguvu gari linapokwenda kinyumenyume, kwa hiyo ukikwama kwenye mlima na gari likaanza kurudi, pedali itataka mguu mzito. Mwenye gari la maonyesho naye abaki na dramu. Anayelipeleka gari kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, atatazamwa hadi kwenye aina ya boliti.

Dramu za Land Rover zinataka kurekebishwa kwa mkono kadiri viatu vinavyolika. Watu wengi wanaolalamika kwamba breki za Series hazifai wana gari ambalo halijarekebishwa kwa miaka. Kuna skrubu nyuma ya sahani, moja au mbili. Unazungusha hadi gurudumu lishike, kisha unalegeza kidogo hadi lizunguke huru. Kazi hiyo haikugharimu zaidi ya mchana mmoja, na kwa maoni yangu ifanyike kabla hujatangaza kwamba mfumo mzima umeshindwa.

Ukishafunga injini yenye nguvu, au ukiwa na 109 inayobeba watu na mizigo na kupita tani 2, diski za mbele zinastahili kila shilingi. Nyuma baki na dramu. Gari likisimama kwa kasi, uzito wake hukimbilia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Diski nne zinapendeza kwa macho, ila huongeza gharama na kuleta tatizo la usawa ambalo utalitatua baadaye kwa pesa nyingine. Kwa anayeishi na matope, diski zina faida ya pili. Dramu ikiingia mtoni hujaa maji na mchanga, na mchanga huo hubaki ndani ukisaga viatu. Diski hurusha maji baada ya kuzunguka kidogo, ingawa nayo huchubuliwa na tope zito lenye changarawe, hivyo pedi utazinunua mara nyingi zaidi.

Diski hizo zitoke wapi? Njia ya kwanza ni vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa ekseli za Series, ambavyo huuzwa Uingereza. Ni safi, ila ni ghali, na jiulize swali moja kabla ya kulipa: pedi, kalipa na mipira yake ni ya gari gani? Ikiwa ni ya Range Rover au Defender, utapata spea. Ikiwa ni ya mtengenezaji huyo peke yake, siku kalipa itakapokufa ukiwa Sumbawanga utangoja meli.

Njia ya pili, ambayo wengi kwetu huifuata, ni ekseli nzima ya Toyota yenye springi za majani, diski mbele na dramu nyuma. Mimi naipenda kwa sababu moja kubwa: pedi za Land Cruiser utazikuta hata kwenye mji mdogo. Lakini pima mambo matatu kabla ya kununua. Difu ikae upande uleule inapotokea propela shafti kwenye gari lako. Upana wa ekseli usitoe matairi nje ya bodi. Na boliti za gurudumu: Land Rover ina 5 kwenye duara la milimita 165.1, wakati Land Cruiser nyingi za zamani na Hilux zina 6 kwenye duara la milimita 139.7. Ukibadilisha ekseli ya mbele peke yake, utakuwa na gari lenye aina mbili za rimu na spea tairi isiyofaa upande mmoja. Ama badilisha zote mbili, ama usibadilishe. Ekseli za Range Rover ya zamani, iliyokuwa na diski nne tangu 1970, zina boliti sawa na Series, ila zimeundwa kwa springi za koili, na kuzichomelea viti vya springi za majani ni kazi ya mtu mwenye ujuzi wa kweli wa kuchomelea. Usimpe anayechomelea mageti.

Diski hazijikazi zenyewe kama dramu, kwa hiyo zinahitaji busta. Busta nayo inaishi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli hutoa mvuto huo kwenye manifodi yake. Ya dizeli kwa kawaida haitoi, nayo hutegemea pampu ya vakyumu, mara nyingi nyuma ya alteneta. Ukinunua injini ya dizeli iliyotumika, hakikisha pampu hiyo ipo na inafanya kazi, maana wauzaji huiuza peke yake. Weka pia vali ya upande mmoja kwenye hozi ya busta ili injini ikizimika barabarani ubaki na mvuto wa kukanyaga mara moja au mbili. Kuijaribu ni rahisi: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima.

Paipu nitazipitia kwa haraka, isipokuwa jambo moja ambalo limenitia hofu kila nilipoliona. Land Rover za zamani zina nyuzi za Kiingereza za inchi 3/8, ambazo ni milimita 9.5. Vifaa vya Toyota vina nyuzi za milimita 10. Nati ya moja inaweza kulazimishwa kuingia kwenye nyingine, ikakaza, ikashika presha ya gereji, kisha ikachomoka siku utakapokanyaga kwa hofu. Tenganisha visanduku vya nati hizo tangu mwanzo, na tumia kiunganishi kilichotengenezwa chenye nyuzi tofauti kila upande. Midomo ya paipu ipanuliwe kwa kifaa chake, iwe ya mkunjo mara mbili. Viunganishi vya bomba la maji au la gesi visikaribie breki. Hozi za mpira nunua mpya zote. Hozi ya zamani huoza kwa ndani na kuvimba, ikipitisha fluidi kwenda na kuzuia isirudi, na gurudumu hubaki limeshika.

Fluidi iwe DOT 4, isipokuwa mtengenezaji wa vifaa vyako amesema vingine. Ikiwa kavu huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na kwa wanaoishi pwani unyevu haungoji. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na usikubali hata tone la oili ya injini au ya hidroliki kwenye masta. Mipira yote itavimba na utanunua mfumo upya. Vumbi la viatu vya zamani lisipulizwe kwa kompresa, kwani laining za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Breki ya mkono ya Series haishiki magurudumu. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya gia boksi ndogo, inashika propela shafti ya nyuma. Kwa kuwa haiko kwenye magurudumu, itabaki kufanya kazi hata ukibadilisha ekseli, mradi gia boksi ndogo ni ileile. Ukifunga gia boksi ya gari jingine unaweza kuipoteza, na gari lisilo na breki ya mkono halipaswi kutoka gereji. Ujue pia tabia yake: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu itaruhusu gurudumu hilo lizunguke na gari linaweza kuondoka ingawa breki ya mkono imevutwa. Weka mawe ya kuzuia kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kila mara.

Gari likishakamilika, tafuta uwanja mkavu na mtupu, bila watu. Anza na kilomita 20 kwa saa, kisha 40, kisha 60, ukikanyaga kwa nguvu huku mtu akitazama kutoka pembeni. Magurudumu ya mbele yanapaswa kujifunga kabla ya yale ya nyuma. Ya nyuma yakitangulia, gari litazunguka nyuma mbele kwenye mvua. Ukiliona hilo, funga vali ya kupunguza presha ya nyuma na uirekebishe hadi mpangilio ubadilike. Baada ya hapo simama taratibu mara kadhaa kutoka kasi ya wastani, ukiacha breki zipoe katikati, ili pedi na viatu vipya vikae. Endesha kilomita chache bila kukanyaga sana, shuka, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna kitu kinachoshika. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uangalie kama hozi za mbele zinavutika au zinagusa tairi. Kisha rudi gereji, fungua kifuniko cha masta uangalie kiwango cha fluidi, na ukaze upya kila nati uliyoigusa kabla ya kupakia abiria wa kwanza.